Walininyima zamu ya kupika Riyadh, nikarudi kutoka Jeddah na samaki wa pilipili za Kithai

Wakuu, heshima kwenu wote.

Haya yamenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Aibu niliipata mimi na raha nimeipata mimi, kwa hiyo siongezi chumvi.

Ni fundi wa AC, mzaliwa wa Tanga. Naishi Al-Dirah, Riyadh, nyumba moja na wanaume wenzangu wa kampuni: Wapakistani, Wahindi, Mfilipino mmoja, na Mtanzania ambaye ndiye mimi.

Kwa wasiojua maisha ya huku, siku za kazi kila mtu anajitafutia cha kula. Lakini Ijumaa baada ya swala tunakaa sinia moja, na mmoja wetu kwa zamu ndiye anapika. Kupika Ijumaa ni heshima, wakuu. Ndiyo siku pekee mtu anaonekana ana kwao.

Sasa zamu yangu ikifika, chakula kinabaki.

Nilipika wali na maharage ya nazi, wakadonoa. Nikapika ugali na samaki, wakauliza kama kuna mgonjwa ndani. Nikaona isiwe tabu, hawa watu wanataka pilipili. Zamu iliyofuata nikamwaga pilipili ya unga kwenye maharage mpaka yakawa mekundu. Ikawa mbaya zaidi, maana yalikuwa maharage yale yale, ila sasa yanauma.

Kuna dereva wa Kipakistani anaitwa Iqbal, ndiye mkubwa wa nyumba na ndiye anayepanga zamu. Akasogeza sahani pembeni, akaniambia kwa Kiarabu chetu cha saiti, "Tanzani, wewe sadiki yangu. Lakini kupika, halas. Wewe osha vyombo." Yaani mimi ni rafiki yake, ila kupika basi.

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila niliumia sana. Nimekulia nyumba ambayo majirani walikuwa wanapita makusudi saa ya chakula ili wakaribishwe. Leo naambiwa mkono wangu hauna ladha?

Nikawa muosha vyombo.

Baadaye nikapelekwa Jeddah, kuna hoteli ilikuwa inabadilisha mfumo wa AC. Tukapangiwa chumba mtaa wa Kandara, mimi na fundi wa Kithai anaitwa Sulaiman, Muislamu wa kusini mwa nchi yao. Mpole, maneno yake ya kuhesabu. Chumba kilikuwa na jiko la gesi la plate mbili, tukakubaliana: leo apike yeye, kesho mimi, na tule pamoja.

Siku ya kwanza akarudi na kamba, ngisi na kaa kutoka soko la samaki. Namuona anaponda mchaichai, anautupia kwenye maji ya moto. Nikajua tunaanza na chai. Nikatafuta hadi vikombe.

Mara akatumbukiza kamba humo humo.

Watu wa Pwani mnanielewa. Kwetu mchaichai na samaki hawajawahi kukutana. Nikasema moyoni, huyu bwana leo ananinywesha chai ya kamba.

Wakuu, ule mchuzi ulinipiga. Masikio yaliziba, kamasi zikatoka, nikatamani kumtukana mtu. Lakini mkono ulikuwa umesharudi kwenye bakuli.

Pilipili ilikuwepo, tena ya kutisha, ila haikuwa peke yake. Kulikuwa na ukali wa ndimu, sukari kwa mbali, na chumvi ya ile sosi yao ya samaki ya kwenye chupa. Nikamuuliza mbona mimi nikiweka pilipili chakula kinauma tu.

"Wewe unaiweka peke yake," akasema. "Pilipili inataka wenzake."

Akanifundisha na jambo lingine: ndimu inaingia mwisho, moto umeshazimwa. Ukiichemsha inakuwa chungu na umeharibu kila kitu.

Zamu yangu nikampikia samaki wa kupaka wa kwetu, changu mzima wa kuchoma, tui zito juu. Alikula vizuri. Halafu akainuka, akakatakata mchaichai na zile pilipili zao ndogo ndogo, akakamua ndimu, akammwagia samaki wangu.

Nilikasirika, kusema kweli. Nikaona na huyu naye ameanza mambo ya Iqbal.

Nikaonja. Nikachota tena. Tulimla yule samaki mpaka kichwa. Toka siku hiyo tukawa tunampika hivyo hivyo kila mara, mimi kwenye tui na yeye kwenye pilipili.

Kazi ilipoisha tukapita wote sokoni. Tukajaza deli la barafu samaki, kamba na ngisi, akanifungia na mchaichai na pilipili kutoka akiba yake mwenyewe. Nikapanda gari la kampuni hadi Riyadh.

Nilipofika nikamwomba Iqbal Ijumaa moja tu. Akakataa. Nikamwambia, "Kikibaki hata kipande, naosha vyombo mpaka ikama yangu iishe."

Akanyoosha mkono, tukapeana mbele ya nyumba nzima. Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe, na ikama yenyewe, kibali changu cha kukaa huku, ndiyo kwanza ilikuwa imehuishwa.

Ijumaa ikafika, nikaingia jikoni kumpika samaki wa kupaka kama tulivyompika Jeddah, pamoja na kamba na ngisi. Tui linachemka, nikainua kikombe cha ndimu nimimine, nikakumbuka moto. Nikazima kwanza. Iqbal akaja kufunua sufuria, mvuke ukampiga usoni, akatoka anakohoa. Nikasema basi, kwisha habari yangu.

Sinia likawekwa. Walianza kwa tahadhari, wanachokoa pembeni pembeni. Kisha mikono ikaanza kugongana kwenye sinia. Mfilipino anafuta machozi kwa fulana huku anavuta ngisi mwingine. Iqbal jasho linamtiririka kwenye kipara, anasaka mchuzi kwa mkate kona zote za sinia.

Ikabaki miba.

Iqbal akishakula Ijumaa huwa anampigia mama yake simu ya video. Mama alipomuona macho mekundu na pua inachuruzika, akapandisha sauti kwa Kiurdu. Iqbal akacheka, akanivuta hadi mbele ya simu, mkono wake begani kwangu, akamjibu.

Nikamuuliza Mpakistani mwingine wamesema nini.

"Mama anauliza nani kamliza mwanawe," akanitafsiria. "Amemjibu ni huyu ndugu yangu Mtanzania, ndiye mpishi wetu wa Ijumaa."

Wakuu, nimewahi kupandishwa cheo, lakini raha kama ile sijaipata. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi nacheka peke yangu.

Funzo langu ni dogo. Watu wakikikataa chakula chako usikimbilie kukikoleza kwa hasira, kaa ule na mtu mwingine uone yeye anafanyaje. Bila lile jiko la Kandara, saa hizi ningekuwa kwenye sinki.

Mlioko nje, nyinyi mmeshawahi kupika cha nyumbani kikadoda? Mlifanyaje? Na ndugu zangu wa Tanga, najua mnataka kunisema kwa kumtia mchaichai samaki wa kupaka. Semeni tu, ila ndimu iingie mwisho.