Hereni Zilizolala Stoo kwa Bi Aya

Kabla ya kusukuma mlango wa stoo, Apolinaria Masolwa anapiga hodi. Kimya. Anapiga tena, kisha anacheka mwenyewe.

"Najua hawaitikii," anasema. "Lakini chumba cha waliolala huingii tu kama kwako."

Waliolala humo ni mimea ya fuksia, ua la nchi za baridi, jekundu kwa zambarau, linaloning'inia hata wateja wake wa Chemchem, mjini Tabora, wakalibatiza jina la hereni. Jua la kiangazi hapa huliua. Mvua za kwanza zilinyesha juzi, na leo Apolinaria anafungua mlango ajue kama hereni zake bado zipo au ndiyo basi tena.

Mama huyu anayeuza miche kando ya barabara alipewa kipande cha kwanza na mtawa aliyewahi kusoma Ulaya.

"Sista aliniambia kule baridi ikija wanalipogoa, wanaliingiza ndani gizani, wanalipunguzia maji, linalala mpaka baridi ipite. Nikajiuliza, kama wao wanalikinga na baridi, mimi nashindwaje kulikinga na jua?"

Tatizo lilikuwa chumba. Nyumba yake ya bati huwaka mchana kutwa. Jirani yake, Bi Aya Nasor, mjane mwenye nyumba ya kale ya kuta nene za udongo, akamwazima stoo ambayo zamani, kwa masimulizi ya ukoo wake, walilazwa wasafiri wa misafara.

Hapo ndipo balaa la mwaka jana lilipoanzia.

"Mgeni alale chumba kile, halafu anyimwe maji? Nyumba hii?" anasema Bi Aya, na aibu bado anayo. "Kila nikimaliza kuswali alfajiri, nilikuwa napita na birika."

Mizizi ikaoza. Ulisalia mche mmoja tu, uliojificha nyuma ya mlango ambako birika halikufika. Apolinaria alilia, ila hakumgombeza jirani yake.

"Ningeanzaje? Mtu amefanya kwa huruma," anasema.

Kutoka kwenye mche huo alikata vipandikizi msimu mzima. Kiangazi kilipobisha hodi, akaviingiza stoo ile ile. Bi Aya mwenyewe alimkabidhi ufunguo akisema, "Kaa nao wewe, mwanangu. Mkono wangu siuamini."

Mlango unafunguka. Ndani kuna ubaridi na makopo yaliyojaa vijiti vikavu, na kwa kweli mwandishi wa habari hizi anaona kuni tu.

Apolinaria anachuchumaa, anakwangua gome la kijiti kimoja kwa ukucha. Chini yake ni kijani. Anakwangua kingine, kijani. Anageuza kopo kuelekea mwangani, na pale kwenye pingili kuna vichipukizi vidogo, vile ambavyo wakulima huviita macho.

"Bi Aya," anaita. "Shikamoo. Njoo uone, wamefumbua macho. Wote."

"Marahaba." Bi Aya anaingia polepole, anayapitia makopo moja moja, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Furaha hii ni halali yao. Apolinaria anapanga kupeleka miche Kipalapala na Sikonge, na kiangazi kijacho atahitaji chumba cha pili.

"Nimeshakitoa kitanda," anasema Bi Aya. "Waje walale. Maji watayakuta wakiamka."