Aliye Nje Aingie

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa Burat, na kuingia humo hakukuwa rahisi. Ilichukua wasichana wenye alama za juu tu, mmoja kutoka huku, wawili kutoka kule. Nilipopata nafasi, baba yangu, ambaye huuza ng'ombe, alichinja mbuzi na kulisimulia jambo hilo sokoni mpaka watu wakaanza kumkwepa. Nilijua nitakuta sheria nyingi. Habari za ule mlango sikuwa nimezisikia.

Kila Ijumaa alasiri, sisi Waislamu tukisharudi kutoka kuswali, shule nzima ilikusanyika bwaloni. Tuliimba, matangazo yakatolewa, kisha kiranja mkuu akaamuru madirisha yafungwe. Halafu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua nani hajapata chakula:

"Nani hayupo?"

Shule nzima ikajibu, "Aliye nje."

"Tumfanyeje?"

"Aingie! Aingie! Aingie!"

Hapo msichana mdogo kuliko wote alivuta komeo la mlango wa nyuma, ule unaotazama uwanda mtupu, akaufungua wote. Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaufunga, tukaenda kunywa chai.

Mwaka wangu, mdogo kuliko wote nilikuwa mimi.

Nilimuuliza matroni maana yake. Alikuwa akikunja mablanketi, wala hakuacha kazi yake. "Mwaka shule hii ilipoanzishwa, mmoja wa waliochaguliwa hakufika," alisema. "Lori alilopanda lilizolewa na maji ya lagha, ule mto mkavu unaofurika ghafla mvua ikinyesha. Wengine walitolewa, yeye hakuonekana. Wenzake wakamwekea kiti, wakawa wanamwita. Nasi tunaendelea tu."

"Na siku akiingia?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana mtu. "Wewe fungua, halafu ufunge. Kufunga usisahau."

Kiti chenyewe nilikiona, mwisho wa safu ya nyuma. Kilipanguswa kama vingine, lakini hakuna aliyekikalia, hata bwalo likijaa.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Nikifungua mlango niliona vumbi, migunga iliyokauka na mzoga wa ng'ombe ambao hakuna aliyekuja kuuondoa. Hayo nilikuwa nimeyazoea. Nilichoogopa ni upepo. Ulipiga mabati ya bwalo mchana kutwa, lakini nikivuta komeo, ulikoma. Nikifunga, ukaanza tena. Niliwaambia wenzangu, wakanicheka.

Ijumaa moja, muhula ukiwa umefika katikati, nilifungua nikakuta mtu amesimama.

Alikuwa msichana mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope, amevaa sare mpya iliyomzidi na shanga nyekundu shingoni. Miguuni pake kulikuwa na sanduku la bati. Nyuma yangu kulitokea kelele, viti vikaanguka, kisha nikasikia mtu akilia. Mimi nilishindwa hata kurudi nyuma.

"Habari zenu," alisema. "Nimechelewa."

Aliingia akinipita, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha nyuma, akakaa. Msichana mmoja alitaka kumzuia. Kiranja mkuu alimshika mkono. "Mwache," alisema. "Mwache tu."

Maelezo yalipatikana kabla ya chai kupoa. Alikuwa Msamburu wa upande wa Oldonyiro, amechaguliwa kama sisi, ila hakufika siku ya kufungua kwa sababu jamaa zake walikuwa wamehama na mifugo kufuata malisho. Mjomba wake alimleta kwa lori la mbuzi, akamshusha langoni na kuondoka. Bawabu hakuwapo. Akasikia sauti, akazunguka ua kuzifuata mpaka kwenye mwanya uliokuwa nyuma ya bwalo. Walimu walicheka sana. Sisi tulicheka kidogo.

Tuliwekwa dawati moja, tukawa marafiki. Siku moja tukifua nguo nilimuuliza, "Nani alikwambia ukae kiti kile?"

"Si mliniita?"

"Siku ile, ndiyo."

"Siku zote," alisema, akikamua soksi. "Nikiwa na mbuzi. Wasichana wengi, aingie, aingie. Mwanzo nilidhani ni redio ya mtu."

Kutoka kwao mpaka shuleni ni safari ya kumaliza mchana kwenye lori. Nilisubiri acheke, lakini alichukua soksi nyingine.

Siku ya wazazi, mama yake alikuja. Alikuwa mama mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo rafiki yangu alitutafsiria. Tulikaa kivulini, tukanywa maziwa aliyoleta kwenye kibuyu. Kisha mama akaniangalia, akasema neno refu. Rafiki yangu alisita.

"Sema," nilimwambia.

"Anasema yeye pia alikuwa anasikia. Hakuniambia. Kwetu ukiitwa na usiyemwona, huitiki."

Hata akko, bibi yangu wa Kiborana, alitufundisha hivyo hivyo. Niliweka kikombe chini.

Mama akaendelea, safari hii kwa Kiswahili chake mwenyewe. "Mtoto yangu amefika. Sasa nyinyi naita nani tena?"

"Bado unasikia, mama?"

"Mimi nasikia. Na ile ndogo pia." Alishusha mkono kuonyesha kimo cha mtoto ambaye hajaanza shule. "Anacheza, anacheza, halafu anasimama. Anaangalia huku."

Ijumaa iliyofuata waliita kama kawaida, na mkono wangu ukakataa kuvuta komeo. Mabati yalipigwa mpaka mavumbi yakatudondokea vichwani. Kiranja alinikazia macho. Ndipo rafiki yangu akainuka kitini, akaja, akauondoa mkono wangu taratibu na kufungua mwenyewe. Upepo ukakoma. Alisema maneno machache kwa lugha yake, kwa upole, kama unavyomsemesha mtu mzima aliyechoka. Akafunga.

"Ulimwambia nani?" nilimuuliza baadaye.

"Wewe umefungua muda wote huo. Hukuwa unamwona?"

Sikumuuliza tena. Mwaka uliofuata akaja mdogo mwingine, nikamkabidhi kazi ile. Rafiki yangu alimaliza vizuri, leo ni muuguzi. Ninapopita barabara ya Burat siku ya Ijumaa bado nawasikia wasichana wakiita, nami hukaza mwendo.

Mama yake hakubaki Oldonyiro. Aliuza mbuzi waliosalia baada ya ukame, akahamia Ngaremara, jirani na mji wa Isiolo, na yule mdogo, akafungua kibanda cha chai kando ya barabara. Nilimkuta hapo mwaka jana, mtoto akiwa karibu kumaliza shule ya msingi. Nilimuuliza kwa nini hakuhamia mbali zaidi, Maralal labda, au popote pale.

Alinimiminia chai kwanza. "Kuita haina mwisho," alisema. "Basi aitwe akiwa karibu."