Chumvi ambayo shangazi aliosha

Mujukuu wangu anajifunza shimi, ile kemia, ku masomo, na kila magaribi anasoma kwa sauti hapa ku barza, mutaa wetu wa Ngezi nzima inasoma naye. Mimi kalasi yangu iliisha mapema, macho imechoka, magoti inaniuma toka mvua ianze. Masikio tu ndiyo ingali nzima.

Juzi akasoma kwamba kila kitu kimeundwa na atomi, vidogo sana hata jicho halivioni, na kila atomi iko na elektroni zake. Sodiamu iko na moja ya pembeni, haiishike kwa nguvu. Klori inakosa moja tu ili itulie. Basi ya kwanza inatoa, ya pili inapokea.

"Hapo zinakuwa ioni, tate," akaniambia. "Moja plus, moja moins, chanya na hasi. Zinavutana, zinashikana. Ndiyo ile chumvi ya mu sahani yako."

Angetaja kitu kingine, ningelala. Lakini chumvi!

Rafiki yangu, weye hukuonja chumvi ya nyanya yangu, mama ya baba. Alikausha majani ya ku mutoni, akayachoma, majivu akaitia mu chungu chenye vitundu chini. Akamwanga maji juu, pole pole, kiko cha tumbako mu kinywa, na ole wako umuharakishe. Chini yalitonya maji ya rangi ya chai. Hayo aliyapika mpaka yakauke, na mu chungu ikabaki chumvi ya kijivu, yenye kuchoma ulimi kidogo. Sombe ya siku hizo, majani ya muhogo yenye chumvi ile! Lakini nisiende mbali.

Kwetu, binti akiolewa alibeba chumvi ya kwao, imefungwa mu jani la ndizi, na mama mukwe aliitia mu chungu cha kwanza mbele ya watu wote. Ukifika bila chumvi, watakusema mpaka uzeeke. Shangazi yangu mudogo alikuwa anaolewa na watu wa kijiji cha Bule, watu wa biashara, wenye kula chumvi nyeupe ya duka. Asubuhi ya kuja kwao akaitazama ile ya nyanya, akaona haya.

"Wataniita mutoto wa majivu," akasema.

Akaiosha. Ndiyo, akaitia mu basani, akaisugua na maji kama muchele! Kidogo tu, mikono ikabaki mitupu. Akaanza kulia, akabeba basani kwenda kumwanga ku migomba.

"Weye! Unapeleka wapi?" nyanya akapiga kelele.

"Mama, chumvi imekufa."

"Imekufa wapi? Onja hayo maji!"

Akaonja, akakunja uso.

"Basi rudisha ku moto. Na ukilia tena, lilia mulemule, itaongeza chumvi."

Wanawake waliokuja kupika wakacheka, hata yeye. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa jikoni, na wakwe wakasikika ku njia wakiimba, na maji yangali yanachemka. Nyanya akapuliza moto mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wageni wakakaa, wakanywa, wakanywa tena. Halafu chumvi ikarudi ku chungu, kijivu vilevile. Ku Bule mama mukwe aliitia mu maharagi, akaonja, akasema, "Huyu iko na kwao." Na shangazi akakaa huko.

Mujukuu alinieleza sababu. Maji inaingia katikati ya ioni, inaziachanisha, hazipotee. Maji ikiisha, zinashikana tena. Ile yetu ya majivu, anasema, ilikuwa zaidi potasiamu, lakini nayo inatoa elektroni vilevile.

Ku mutoni sasa wamejenga nyumba. Nyanya amelala udongoni zamani. Watu wa Bule, vita iliwapitia, kila mutu akashika njia yake, na shangazi nilimuulizia kwa wasafiri wa Ariwara, ku mupaka, mpaka nikachoka kuuliza.

Jana mujukuu akachoma maganda ya ndizi, akachuja majivu, akapika, akaniletea vipunje mu kijiko.

"Ni yenyewe, tate?"

Nikaweka ku ulimi. Ilichoma. Ilikuwa karibu, ama labda ni ulimi wa muzee. Nikageuka kumuuliza mutu mwingine aliyekula ile ya zamani, na mu nyumba yote, mu njia yote, niko mimi tu.