Tembo Walipopita kwa Namasiku

Namasiku ana ulimi kama wembe, lakini mwaka ule alikaa kimya. Alikuwa ameacha shamba lake la mtama kando ya mto wa mpakani na Zambia, kwa hiari yake, ili tembo wa Botswana wapite hapa kwetu Namibia na kuvuka kwenda mbuga za Zambia, kama walivyofanya kabla ya vita vya uhuru. Misimu miwili, hakupita hata mmoja.

Shemeji yake, Sitali, hakumwacha apumue. "Shemeji, tembo wako wamenyimwa pasi ya kusafiria?"

"Watakuja," alijibu tu.

Siku ya mkutano wa kuamua, pale kando ya shamba, Sitali alikuja na maksai wameshafungwa plau. Kijiji kikikubali, njia ya tembo inalimwa leo leo.

"Tumbo halisubiri tembo!" akasema, na wengi wakaitikia. Namasiku akatazama chini. Nilimwonea huruma.

Mara miti ikapasuka upande wa kusini. Mama yangu! Tembo! Jike kubwa mbele, watoto katikati, na nyuma wengine na wengine. Sisi wanawake tukaangua vigelegele, aliyekuwa na sufuria akagonga sufuria.

Yule jike akasimama, masikio wazi. Lo, tumefanya nini! Vigelegele na sufuria ndivyo tunavyowafukuzia mashambani tangu tuzaliwe. Watajuaje kwamba leo tunawashangilia? Akaanza kugeuka.

Namasiku hakupiga kelele. Alipiga magoti mchangani, viganja pamoja, kichwa chini, kama mfalme anapita. Kwetu mmoja akipiga magoti hivyo, nani atathubutu kubaki wima? Tukashuka sote, Sitali naye, kimya kabisa.

Jike akanusa hewa. Tukangoja. Kisha akaja, na kundi zima nyuma yake, wakakanyaga lile shamba lililoachwa, wakaingia majini, wakatokea Zambia wakimwaga maji. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

"Shemeji," Sitali akanong'ona, "nimekoma. Wamepita."

"Wamepita," Namasiku akasema, angali amepiga magoti. "Na mimi nitakula nini? Shamba lako kubwa, na maksai wako tayari."

Sitali akainuka, akawaswaga maksai mpaka shambani kwake, Namasiku nyuma yake.

"Anzia hapa," Namasiku akamwambia.