Muuguzi wa Kasanga na Mapipa ya Mafuta

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Chala nikaambiwa kwamba yule muuguzi mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati moja huko Kasanga, amefariki dunia na atazikwa kesho yake. Sikuwahi mazishi. Nilifika watu wakiwa wamebaki wachache, udongo bado mbichi.

Nilimfahamu nilipokwenda Kasanga kama mwandishi wa gazeti wakati wa vita vya ng'ambo, Kongo, watu walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kuja kwetu. Wiki moja waliletwa majeruhi wawili kwa boti tofauti: mmoja askari wa serikali yao, mwingine wa waasi, wote vijana. Zahanati ilikuwa na chumba kimoja tu cha kulaza, akawalaza humo wakitazamana. Siku ya pili walikuja wanaume watatu kutoka ng'ambo wakimuulizia yule mwasi. Mama yule alivuta kiti, akakaa mlangoni. "Humu kuna wagonjwa," aliwaambia. "Askari mmewaacha kwenu." Alikaa hapo hadi walipochoka wakaondoka. Mwasi alifariki siku ya nne kwa majeraha yake, na yule askari, akichechemea, aliomba amsindikize makaburini.

Niliporudi Sumbawanga niliandika safu ndefu gazetini kulisifu taifa langu kwamba halina upande, na mfano wangu ulikuwa mama huyo. Wasomaji waliipenda. Mwezi uliofuata alikuja mjini kwa shughuli zake, akanitafuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema. "Ila ulikuwa bandarini siku ile uliyofika Kasanga. Mapipa ya mafuta hukuyaona?"

Niliyaona. Yalipakiwa mchana kweupe kwenda ng'ambo, na kila mtu pale alijua kwamba wanunuzi ni wapiganaji. Mfanyabiashara aliyeyapeleka ndiye aliyekuwa amenipa lifti kwenye lori lake kutoka Sumbawanga, tukala pamoja njiani, tukacheka. Nilijitetea kwamba biashara ni biashara na nchi yetu haikumpiga mtu risasi. Hakubishana nami. Alinieleza tu kwamba kabla ya kufa, yule kijana mwasi alimsimulia jinsi kijiji chao kilivyovamiwa na watu waliofika kwa boti. "Boti haiendi kwa makasia siku hizi," alisema.

Nilimwahidi kuandika. Sikuandika. Tulionana mara kadhaa baada ya hapo, akaniuliza habari za watoto na za mahindi, wala hakuligusa tena jambo lile. Heri angenigombeza.

Sasa vita vikubwa vimerudi kwenye redio zetu, na vijana wananiuliza kama nchi inaweza kweli kukaa kando wakubwa wanapopigana. Zamani ningejibu haraka. Leo nawaambia kwamba nchi inaweza kukataa kupigana na bado ikasaidia kuua, kwa kile inachokiuza, kinachopita kwenye bandari zake, na kile ambacho waandishi wake wanakiona na kukinyamazia. Anayetaka kutokuwa na upande itabidi akae mlangoni kama alivyokaa mama yule, na aulize pia mzigo unakwenda wapi, hata kama mwenye mzigo ni rafiki yake. Mimi sikuuliza, na aliyestahili kuniona nikijirekebisha hayupo tena.