Jumapili Tisa za Kupima

Nilizaliwa na hasira kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Mama yangu alikuwa akisema nilianza ugomvi tangu tumboni. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba fimbo ya kwanza ya biyari niliyoshika katika serkle ya Katuba, klabu ya mtaa wetu, niliivunja kwenye goti, mbele ya watu, kwa kukosa pointi moja. Pointi moja tu! Sekretere wa serkle alitaka kunifukuza papo hapo. Mzee mmoja akainuka kwenye benchi, akasema, "Muache. Huyu mi nitamufundisha."

Leo nataka kumshukuru mzee huyo kabla sijamfuata alikokwenda.

Serkle ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, ambamo wanaume wa komuni walikutana Jumapili baada ya misa, wakanywa limonade au bia, wakasoma magazeti ya juma lililopita. Katikati ilikaa meza ya biyari. Haikuwa na mashimo kama hizi za siku hizi zinazojaa kwenye baa. Mipira ilikuwa mitatu tu: miwili myeupe, mmoja mwekundu. Unapiga wa kwako uguse ile mingine miwili, ukifaulu unapata pointi na unaendelea, ukikosa unampisha mwenzako. Ukitazama unasema, aa, kitu gani hiki! Shika fimbo uone.

Mzee alikuwa amestaafu kazi ya tanuru la shaba. Alikuwa mwenyeji hasa: babu zake walilima pale kabla mtu yeyote hajachimba. Sisi tulikuwa watu wa Kasai. Baba alikuja kwa treni na kalamu mfukoni, akafanya ukarani, akafa, akazikwa hapa hapa mjini. Nilibaki na Mama katika nyumba yetu ndogo ya Katuba, nami nikawa karani wa depo moja kule mjini. Miaka ile mji bado uliitwa Elisabethville, lakini sisi tulisema Lubumbashi tangu zamani.

Somo la kwanza lilikuwa aibu tupu. Mzee alinipanga mbele ya meza, akaniambia, "Sasa, pima."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira uliruka mezani, ukamgonga Sekretere kwenye mfupa wa mguu. Alipiga kelele mpaka akina mama wa ng'ambo ya barabara wakaja kuchungulia.

"Mi nilisema pima!" Mzee akanguruma.

"Si nimepima, Baba?"

Kwetu Lubumbashi neno hilo lina pande mbili, ndugu msomaji. Kupima ni kuchukua kipimo, na kupima ni kujaribu vilevile. "Pima hii suruali", "pima tena kesho", ni neno lilelile. Mimi nilisikia jaribu. Mzee alinitazama, akaelewa, akacheka hadi akakaa chini kwenye sakafu. Alipopata pumzi akasema, "Mutoto yangu, pima ni mbele ya kupiga. Mukono inauliza njia. Haiyakwenda bado."

Basi akanifundisha kuuliza njia. Unaizunguka meza mara moja, kwa upande wa kushoto, hata kama mpira uko hapo puani pako. Unapaka chaki kwenye ncha ya fimbo mara mbili. Unaweka mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Unainama mpaka kidevu kikaribie fimbo. Unaipeleka fimbo mbele na kuirudisha nyuma mara tatu bila kugusa mpira; huko ndiko kupima kwenyewe. Unasimamisha mkono. Unatoa pumzi. Ndipo unapiga.

Kila mara vilevile. Mpira rahisi, vilevile. Mpira mgumu, vilevile. Siku moja nilipima mara nne, akaninyang'anya fimbo kama nimeiba.

"Ine ya nini? Nani alikupa ya ine?"

"Baba, huu ulikuwa mbali."

"Mbali ni mambo ya mupira. We fanya mambo yako."

Eeh, alinichosha! Miezi mitatu hakunihesabia pointi hata moja, alihesabu miguu na chaki. Nilipokosa nikaanza kufura, alinirudisha kuzunguka meza toka mwanzo. "Kichwa inapenda kusema-sema," aliniambia. "Uipatie neno moja ishike, itanyamaza. Mukono itafanya kazi yake." Neno lake hakunitajia. Mimi nilichagua "bukari na matembele", kwa sababu ndicho nilichokula mchana ule, na mpaka leo sijabadilisha. Cheka kama unataka. Lakini hasira ilianza kuniishia mle mle katika kuzunguka, na Mama aliliona jambo hilo kabla yangu. "Huyo muzee amekupatia dawa gani?" aliniuliza. "Siku hizi unafunga mulango pole."

Halafu Katanga ikajitenga, ikawa nchi peke yake, na sisi wa Kasai, hata tuliozaliwa Katuba, tukaambiwa ni wageni. Sitaki kurefusha hapo, waliokuwapo wanajua. Vijana walifunga barabara ya kwenda mjini kwa mapipa na kamba, wakauliza kila mtu ni wa wapi. Majirani zetu wa Kasai walifunga vitanda vyao migongoni, wakaenda kulala kwenye kambi ya wakimbizi, maelfu kwa maelfu, chini ya magunia na mabati. Mama alikataa. "Bwana yangu amelala hapa," alisema. "Mi sitoke."

Tulichokuwa nacho ni kadi yangu ya serkle. Ilikuwa na picha, muhuri, na sahihi ya Sekretere, ambaye siku hizo alikuwa mtu wa kuogopwa. Vijana wa kizuizi waliuona muhuri, wakaniacha nipite kazini, na nyumba yetu wakairuka. Bila kadi ile, tungekuwa kambini kesho yake.

Ndipo komite ya serkle ikakaa, ikaamua: watu wa Kasai wote wafutwe katika daftari la serkle, kadi zirudishwe. Tulikuwa tumebaki wawili tu. Mwenzangu alirudisha yake siku ileile, akaenda kambini na mke na watoto. Zamu yangu ilipofika, Mzee alinyoosha mkono.

"Huyu ameandikisha jina mu mashindano ya biyari," akasema. "Reglema yenu inasema nini?"

Sekretere alifungua kitabu cha sheria. Wazungu walikuwa wametuachia kitabu kinene kuliko katekisimu, na ndani mlikuwa na mstari huo kweli: mwanachama hafutwi akiwa bado yumo mashindanoni. Sekretere aliusoma mara mbili, midomo ikimchezacheza.

"Basi atafutwa siku atashindwa," akasema.

Mnaelewa nilivyocheza. Kila Jumapili nilikuwa nikiichezea nyumba ya Mama. Nilizunguka, nikapaka chaki, nikainama, nikapima mara tatu, bukari na matembele, nikapiga. Nilimtoa mwalimu wa shule, nikamtoa fundi cherehani mwenye jicho kali, nikamtoa mpwa wa Sekretere mwenyewe, na siku hiyo nilitamani kumchekea usoni lakini nikajizuia. Mama alinisubiri mlangoni, akaniangalia tu, nikamwambia, "Juma moja tena."

Kumbe Mzee naye alikuwa amejiandikisha. Miaka mingi hakucheza mashindano, na sasa, mwaka huo wa balaa, jina lake liko ubaoni! Akashinda wote wa upande wake, tukakutana fainali. Nilichemka. Nilisema, mtu huyu amenilea ili anichinje mwenyewe. Juma zima sikumsalimia, nami nikipita mbele ya nyumba yake niligeuza shingo kama jogoo. Ee Mungu, nisamehe.

Fainali ilianza saa tisa mchana. Mwisho ulikuwa saa kumi na moja, kwa sababu ya amri ya kuvre-fe, watu warudi makwao kabla ya giza. Tulikuwa tunatafuta pointi sitini. Alifika hamsini na tisa, mimi hamsini na saba. Zamu yake. Mipira mitatu ilikuwa imekaa karibu karibu kama mafiga jikoni, hata shangazi yangu asiyeona vizuri angeipata. Nikasema moyoni, Mama, funga kitanda.

Mzee akazunguka meza. Chaki mara mbili. Mguu wa kulia, wa kushoto. Akainama. Moja, mbili, tatu. Nikafumba macho nisubiri mlio.

Sikusikia kitu. Nikafumbua. Nne. Tano. Sita. Mtu huyu nilikuwa namjua kuliko kengele ya kanisa, na mkono wake ulikuwa unapita tatu! Akafika ishirini, akanyanyuka, akaenda kupaka chaki upya, na katika kuzunguka akapita karibu na sikio langu.

"We unafikiri ukishinda utapona?" alinong'ona. "Ukishinda, mashindano imekwisha. Nikishinda, imekwisha. Imekwisha, banakufuta. Kaa chini."

Nikakaa chini. Miezi yote ile nilikuwa najifunza kushinda, wala sikuwahi kuwaza kwamba ushindi nao ungenitoa nyumbani.

"Muzee, piga!" Sekretere akasema.

"Napima."

"Unapima nini saa nzima?"

"Reglema inasema mutu apime muda gani? Unisomee."

Sekretere alifungua kitabu, akakifunua mbele na nyuma, akalowesha kidole, akafunua tena. Hakuna mstari. Watu wakaanza kucheka, kwanza chini chini, halafu wazi. Saa kumi na moja ikagonga. Mchezo uliokatishwa huendelea pale ulipoishia, huo mstari ulikuwepo, basi wakachora misalaba mitatu ya chaki chini ya mipira, na mimi nikaenda nyumbani na kadi yangu.

Jumapili iliyofuata Mzee alikuja na suti yake, akazunguka, akainama, akapima mpaka saa kumi na moja. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Watu walitoka mpaka Kenya, komuni ya jirani mle mle mjini, kuja kumwona mzee asiyepiga. Wengine walimshangilia, wengine walimtukana. Binamu yake alimtemea mate karibu na viatu, akasema, "Wee, unalinda bageni?" Mzee hakuinua kichwa. "Napima," akajibu. Hakuna aliyethubutu kumvuta mkono, kwa sababu ukoo wake ulikuwa mkubwa na wa pale pale. Lakini mgongo haujui ukoo. Jumapili ya tano aliinuka akishika meza. Mkewe aliniambia kwamba kila Jumatatu anamkanda kwa mafuta ya mawese na hawezi kufunga viatu.

Nilimfuata nyumbani kumwomba aache. "Baba, inatosha, sisi tutaenda kambini kama wengine."

"Mi niko mu zamu yangu," alisema. "We ni nani ya kuniambia nipige?"

Jumapili tisa. Katika juma la kumi risasi zikaanza mjini, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za bluu wakapita, serkle ikafungwa na meza ikafunikwa turubai. Komite haikukaa tena. Sekretere aliondoka Katuba, wengine wanasema kuelekea Mokambo na mpaka wake, sijui. Watu wa kambini wengi walipandishwa treni kwenda Kasai. Sisi tulibaki. Wala sikufutwa.

Katanga ilipoacha kuwa nchi, serkle ikafunguliwa. Nilimkuta Mzee peke yake mezani, mchana, akicheza. Nilisimama mlangoni nimtazame, maana kumtazama yule mtu akipiga ilikuwa raha ya macho. Akazunguka. Chaki mara mbili. Akainama, moja, mbili, tatu, na mkono haukusimama. Nne, tano, tisa, kumi na mbili. Alipopiga, mpira ulikwenda kando kabisa. Akaanza upya, ikawa vilevile. Ule mpango wake wa miaka thelathini, mara tatu na kusimama, haukuwepo tena mkononi. Aliutoa kwa ajili yetu, na haukurudi mpaka anakufa. Hakupata tena hata pointi nne mfululizo, yeye!

Nililia kama mtoto, sioni haya kusema. "Baba, nimekuharibia mukono."

Akaweka fimbo mezani, akaniangalia kwa mshangao, karibu na hasira.

"Mama yako iko wapi leo?"

"Iko ku nyumba. Anafula nguo."

"Ku nyumba gani?"

"Ku nyumba yetu, Baba. Ya Katuba."

"Basi unalia nini?" akasema. "Mi nilishinda ile mchezo."