Anasema au Inasema

Kanisa letu la Pajulu lilikuwa na kuta nusu na mkalimani mmoja, na mkalimani huyo nilikuwa mimi. Kazi hiyo sikuiomba. Baba alikuwa askari, nikazaliwa kambini Kenya na kusoma huko madarasa ya kwanza, kisha tukarudi nyumbani nikiwa na Kiswahili ambacho watu wa Arua walikiita Kiswahili cha Biblia. Walinicheka sana. Sokoni nikisema "vitunguu hivi vimeoza," muuzaji alinitazama kama niliyemsomea hukumu, maana kwao kitunguu kimoja au gunia zima, yote iko naoza tu. Lakini Jumapili, mgeni asiyejua Kilugbara akisimama kutoa ushuhuda, kicheko kilikwisha na mimi nikasukumwa mbele.

Miaka hiyo ya sabini sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta, sembuse saruji, kwa hiyo tulijenga kwa matofali ya kuchoma na udongo. Fundi alitoka Dranya, upande wa Koboko. Alikuwa Mkakwa mpole, aliyefiwa na mke kabla hawajapata mtoto, na Kilugbara chake kiliishia kwenye salamu. Alilala katika banda la mchungaji. Mimi nilimjua kwa kumpelekea maji ya kunywa pamoja na wasichana wenzangu, na kwa namna alivyofumba jicho moja akipima ukuta. Zaidi ya hapo, hatukuwa na habari naye.

Jumapili moja akasimama. Ushuhuda kwetu una njia yake: unasalimia kwa jina la Bwana, unaeleza ulivyookoka, halafu unatoa neno ulilopewa wiki hiyo. Nilitafsiri salamu. Nilitafsiri kuokoka kwake, kulikokuwa kurefu. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Sasa Roho nasema na mimi. Nasema, dada hii nasimama hapa, hii iko bibi yako."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutafsiri. Nikabaki nao wazi.

Msidhani ni aibu peke yake iliyonikaba. Kilugbara hakina neno moja kama roho. Roho Mtakatifu tunamwita kwa neno orindi. Ile roho inayotamani nyama, inayokasirika, inayompenda mtu, hiyo ni asi, moyo. Ukitafsiri lazima uchague. Katika Kiswahili cha kitabu herufi moja ingeniokoa: Roho anasema, huyo ni Mungu, roho inasema, hiyo ni wewe na tamaa zako. Lakini katika Kiswahili cha kwetu wote wawili nasema. Na wazee wa kike waliokaa mbele walikuwa wakitazama mdomo wangu, mama yangu akiwa katikati yao.

"Ndugu," nikamwuliza, "roho gani?"

"Roho," akasema.

"Anasema, au inasema?"

Akafikiri kwa bidii, uso wake ukiwa umekunjamana. "Yote iko nasema."

Waliojua Kiswahili wakaangua kicheko. Wasiojua wakadai tafsiri. Nikawaambia kwa Kilugbara kwamba fundi ana neno juu ya ndoa, ila hajajua limetoka wapi. Hapo mtu mmoja wa nyuma, mwenye Kiswahili chake cha kuuza mihogo, akaona ninaficha neno la Mungu, akatafsiri mwenyewe kwa sauti, na akatumia orindi. Haleluya ikazunguka kanisa lote. Mama akalia kwa furaha. Kufika mchana nilikuwa mke wa mtu, na ni mimi peke yangu niliyekuwa sijaarifiwa.

Mchungaji wetu hakuwa mtu wa haraka. Akasema tuombe mpaka ukuta ufike mahali pa kuweka paa, ndipo neno lijadiliwe.

Nilipata shida kweli. Kama fundi alisikia sawa, basi kumkataa yeye ni kumkataa Mungu, na mimi nilimpenda Mungu, sikuwa nacheza. Kama hakusikia sawa nami nikakubali, ningeishi maisha yangu yote na mtu ambaye kila akitaka chai au shamba la mtu, ataleta muhuri wa mbinguni. Naye alikuwa na shida yake. Mtu akionekana amemtia Mungu maneno kinywani, kwetu anakalishwa benchi la nyuma, wala asingepewa tena ukuta wa kanisa kutoka pale mpaka Koboko. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo iliniudhi.

Nikaomba. Sikungoja sana, sauti ikaniambia nimkatae. Nilifurahi, nikainuka, nikapangusa magoti. Nikiwa mlangoni nikaikumbuka ile sauti vizuri. Ilisema Kiswahili safi, ngeli zote mahali pake. Pajulu nzima ni nani mwingine aliyesema hivyo? Nikarudi nikapiga magoti tena, na safari hii sikusikia chochote.

Baba ndiye aliyenisaidia, ingawa yeye alidhani tunazungumzia mambo mengine. Alikuwa amekaa nje, anaziba pancha ya baisikeli yake, ile aliyoipenda kuliko pensheni. Nikamwuliza mtu atajuaje amri imetoka kwa nani.

"Sikiza," akasema. "Askari akitaka baisikeli yako, hasemi mimi nataka baisikeli. Nasema serikali nataka baisikeli. Sasa wewe utakataa serikali?"

"Na kama kweli ni serikali?"

"Serikali iko na baisikeli yake," akasema. Kisha akatazama barabarani kuona kama kuna aliyesikia, akarudi kwenye pancha.

Siku zile fundi alibadilika. Hakupiga tena mluzi. Nilimwona akibomoa mstari mzima wa matofali uliokuwa umenyooka vizuri tu, akaupanga upya. Nilipopeleka maji, wenzangu wakakaa mbali kwa makusudi, wajinga wale, naye fundi akashika kata bila kunywa.

"Dada, hii maneno ya a na i. Nifundishe."

"Mtu ni a," nikasema. "Mtu anakuja, anakula. Mungu naye ni a. Kitu kama nyumba ni i. Nyumba inaanguka. Roho yako inataka."

"Na mimi iko a?"

"Wewe ni a."

"Hata roho yangu iko i?"

"Hata hivyo," nikasema, nikatazama kando, maana nilikuwa karibu kucheka, na sikutaka aone ni kicheko cha namna gani. Akanywa maji yote.

Ukuta ukafika. Jumapili hiyo watu walijaa mpaka nje, na wengine sikuwahi kuwaona kwenye ibada yoyote. Fundi akasimama, mimi kando yake kama kawaida. Hakusalimia kwa jina la Bwana wala hakurudia kuokoka. Alisema polepole, akipanga kila neno kama tofali.

"Roho Mtakatifu a-nanyamaza. Mimi naomba sana, yeye a-nanyamaza. Ile siku mimi nasema vibaya. Roho yangu, hii ya mutu tu, i-nataka. I-nataka sana."

Kisha akanigeukia, na mbele ya wote akasema, "Wewe sasa. Sema."

Nikatafsiri. Nikatumia asi. Hakukuwa na haleluya hata moja. Mzee mmoja wa kanisa akaguna na kusema benchi la nyuma liko wazi. Lakini wazee wa kike walitazamana, na mama yangu, ambaye alikuwa ameshapoteza mkwe aliyetumwa na mbingu, akafuta macho na kumtazama fundi kwa mara ya kwanza kama anavyotazamwa mtu.

Nilikuwa bado nadaiwa jibu. Nami nikagundua siogopi tena. Amri ya Mungu ningeitii huku natetemeka, au ningeikataa huku natetemeka. Huyu alikuwa ananiuliza. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeambiwa mambo mengi, mazuri na mabaya. Kuulizwa kulikuwa kugeni kwangu.

"Roho yangu nayo inafikiri," nikasema. "Paa likipanda nitakujibu."

Lilipanda kabla ya mvua, nikakubali. Alikaa benchi la nyuma mpaka siku ya arusi yetu, wala hakulalamika.

Tukahamia Dranya, na huko tukapata mtoto. Ile a na i ikawa ya nyumbani; akitaka kuku wa kukaanga, alisema roho inasema kuku, nami nikamchinjia. Ngeli nyingine zote zimemshinda mpaka leo.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, askari wake walipita barabara ya Koboko wakiwa wameshavua sare, na ilisemekana washindi wanakuja kulipiza kisasi kwa watu wa upande wetu. Jirani mmoja, mpendwa wa kanisa, alisema Roho amemwambia tubaki, hakuna baya litakalotupata. Mpendwa mwingine alisema Roho amemwambia tukimbie. Wote wawili walikuwa na hakika, na wote wawili walitutaka tutii. Mume wangu akaingia kutoka uani, mikono yake ikiwa bado na udongo.

"Mama," akasema, "roho nasema twende leo."

"Anasema, au inasema?"

Akageukia mlangoni. Nje watu walikuwa wanafunga magodoro kwenye baisikeli.

"Sijui," akasema. "Mimi naogopa tu. Kama Mungu iko ndani ya hii woga, mimi sijui."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua sufuria, tukashika njia ya Kongo. Siku hiyo kila mtu alikuwa na neno kutoka kwa Mungu, na mimi nilimfuata yule aliyesema hajui.